Mzigo Kwanza, Kimo Baadaye

Mgeni aingiaye Garissa kutoka Nairobi, akiisha kuvuka daraja la Mto Tana, aghalabu huyatambua magari ya mji huo kabla ya kuwatambua wenyeji wake. Ni Land Cruiser za mfululizo wa 70, umbo lililozinduliwa mwaka 1984 na ambalo vumbi la Kaskazini Mashariki halijalichosha hadi leo. Ziko nyeupe za mashirika ya misaada, ziendazo kambi za wakimbizi za Dadaab, takriban kilomita 100 kutoka hapo. Ziko pia za wafanyabiashara, zilizosheheni mapipa ya maji, magunia ya sukari na mbuzi. Baadhi yake zimeinuliwa. Macho ya vijana hayakosi kuzifuata zile zilizosimama juu kupita nyingine, kana kwamba kimo chenyewe ndicho nguvu.

Kijana mmoja mwenye gari la aina hiyo alimwendea fundi akiwa na fedha alizozidunduliza kwa miaka miwili, na ombi moja tu: gari liinuliwe, tena liinuliwe hasa. Kazi yake ilikuwa kupakia mjini karibu tani moja ya bidhaa na kuzipeleka katika vijiji vya upande wa Ijara. Vuli iliyotangulia, gari lilikuwa limelala tumbo katika udongo mweusi kwa siku mbili, na sukari ikayeyukia ndani ya magunia. Fundi, mzee aliyeota mvi chini ya magari ya watu, hakumuuliza alitaka sentimita ngapi. Alimuuliza:

"Kijana wangu, ukirudi mjini unabeba nini?"

Kijana akakiri kwamba hurudi na watu, pengine watatu, pengine wanne, na mara kwa mara mgonjwa. Kijijini kwao gari lake ndilo lililo karibu. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba dada yake alikuwa na ujauzito wa miezi saba.

Hapo ndipo ugumu wa jambo ulipojitokeza bayana. Springi ya kubeba tani moja bila kulala ni springi ngumu, na springi ngumu isipolemewa haikunji. Kila tuta la njia hulipitisha moja kwa moja hadi kwenye bodi, na kutoka kwenye bodi hadi kwenye uti wa mgongo wa aliyelala nyuma. Kwa upande wa pili, springi laini itakayomhurumia mgonjwa italala chini ya sukari, na gari litarudi matopeni. Gari ni moja, njia ni moja, ila mizigo ni miwili isiyopatana. Ni springi ipi basi inayostahili kununuliwa?

Waliolelewa katika ufugaji wa ngamia hawawezi kuliona swali hilo kuwa geni. Kabla ya miti na mikeka ya nyumba ya kuhama kupandishwa juu ya ngamia, Wasomali humtandika kwanza mikeka minene iitwayo herio, ili mzigo usimchubue mnyama. Kinachowekwa baina ya mzigo na mgongo kimefikiriwa katika nchi hiyo tangu kabla ya injini.

Fundi alianza kwa kumwondolea kijana dhana moja. Sehemu ya chini kabisa ya gari la namna ile ni difu, nayo imeshikamana na ekseli. Springi ikirefushwa, bodi na chesisi hupanda. Difu hubaki palepale ilipokuwa. Kitu pekee kiinuacho difu ni tairi kubwa zaidi, na hata hiyo hutoa nusu tu: tairi iliyoongezeka sentimita 4 kwenda juu huinua difu kwa sentimita 2. Kuinua bodi kuna faida zake, la sivyo nani angegharamika? Pua ya gari haigongi kingo za laga wakati wa kushuka, na tairi hupata nafasi. Lakini kila sentimita hudai malipo. Kitovu cha uzito hupanda, na gari lililojazwa mbuzi wanaosukumana huwa jepesi kupinduka. Katika Land Cruiser zilizotoka kuanzia mwaka 1999, zenye springi za koili mbele na za mabapa nyuma, ekseli ya mbele hugeuka kidogo gari liinuliwapo, na isiporekebishwa usukani huanza kutangatanga. Mipira ya breki nayo huvutika. Kwa sababu hizo fundi alikataa kuvuka sentimita 5.

Kuna magari yanayohitaji zaidi ya hapo. Katika mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanzishwa mwaka 1989 ili kuchangia uzio wa Aberdare, madereva hupewa saa 10 kufikia vituo 13 kwa umbali mfupi kabisa, hata kama ni kupitia genge. Magari hayo ni ya kustaajabisha. Ila hayabebi sukari, wala waja wazito.

Suluhisho lililopatikana halikuwa la kujivunia barazani. Nyuma yaliwekwa mabapa membamba ya kukunjika kwa wepesi, na chini yake bapa zito lililonyooka, lisilogusana na mengine mpaka mzigo uje. Gari likiwa tupu, mabapa ya juu hufanya kazi peke yake. Likijaa, lile la chini hupokea. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye shoku. Njia za vumbi za huko zina matuta madogo yaliyopangana kama mbavu, yanayochongwa na magurudumu yenyewe, na shoku hugeuza mtikisiko wake kuwa joto, saa baada ya saa, hadi mafuta yaliyomo yatoe povu na kupoteza nguvu. Zilichaguliwa nene, zenye mafuta mengi, na ndefu kulingana na kimo kipya.

Mtafiti wa istilahi angefaidika kuketi asubuhi moja katika karakana kama ile. Humo gari "hulala", springi "huchoka", shoku "hufa". Chuma kimevikwa uhai wa mnyama wa safari, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa.

Majuma tisa baadaye kijana alirejea alfajiri, gari limegeuka rangi kwa vumbi. Alikuwa ametoka kumwacha dada yake hospitalini, naye alikuja moja kwa moja kwa kuwa alisikia mgongano nyuma, upande wa kushoto. Fundi akaingia chini na tochi, akazigusa shoku moja baada ya nyingine kwa ncha za vidole. Tatu zilikuwa moto. Ya nne ilikuwa baridi.

"Hii imekufa," alisema, angali chini. "Dada yako alisemaje njiani?"

"Alilalamikia vumbi, mzee. Vumbi tu."

Fundi akanyoosha mkono nje ya gari na kuitisha spana.