Kesho Huchorwa Kabla ya Kutajwa

Wahenga wa pwani walituachia usia: usisafirie nyota ya mwenzio. Sisi tukaao Nyakabanda, mbali na bahari, hatuna jahazi wala nahodha, lakini usia huo tumeukumbuka mara nyingi tukiwaza juu ya kazi ya watu ambao majina yao hayajulikani na wengi, ingawa kazi zao zimeonwa na dunia nzima. Hao ni wachoraji ambao, kabla kamera haijawashwa na kabla seremala hajapiga msumari wa kwanza, huchora ulimwengu usiopata kuwako, ili watengenezaji wa filamu za kubuni za kisayansi wapate pa kuanzia. Kwa kuwa hatujaona istilahi iliyozoeleka, hapa tutawaita wasanifu wa taswira.

Mmoja wao alikuwa Ralph McQuarrie, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 2012. Mwaka 1975 George Lucas alimwajiri achore matukio ya filamu ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, na michoro hiyo ilisaidia kuwashawishi wenye fedha kwamba yaliyoandikwa yangeweza kuonekana. Katika muswada, mhusika Darth Vader alipaswa kuvuka anga tupu kutoka chombo kimoja hadi kingine. McQuarrie akajiuliza: huyu atapumuaje? Akamchorea barakoa ya kupumulia. Swali hilo moja likazaa sura ambayo hata asiyeiona filamu yenyewe huitambua. Mwingine ni Syd Mead, aliyefariki mwaka 2019, ambaye mchango wake ni mkubwa katika sura ya jiji la filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982: minara mirefu, magari yarukayo, giza na mvua.

Nguvu ya watu hawa tuliitambua darasani. Kila mwaka huwapa wanafunzi wetu insha juu ya maisha ya miaka mia ijayo, na kabla ya kuandika huwataka wachore kwanza kile watakachokieleza. Wanafunzi wasiopata kusikia jina la Mead walichora minara yake. Wasiomjua McQuarrie walichora askari wake mwenye barakoa nyeusi. Hakuna aliyechora kilima, ilhali wanaishi mtelemkoni. Hakuna aliyechora soko, wala msikiti, wala fundi wa simu aliye kando ya njia. Tulipomwuliza mmoja wao mji ule uko wapi, alijibu, “Mwalimu, hapa si kwetu. Kwetu hakutafika huko.” Jibu hilo lilitusumbua kuliko kosa lolote la sarufi.

Wasomaji wasidhani kwamba twalaani kuazima. Kiswahili chenyewe kimeazima kwa Waarabu, Wareno, Wahindi na Waingereza, na hakikuona haya. Lakini maneno mengi yaliyoingia yalivishwa viambishi vyetu na kufuata matamshi yetu. Tatizo la michoro ile si kwamba ilitoka mbali, bali ni kwamba ilifika bila kuvishwa chochote.

Ndipo twafika kwa msanii wa hapa nchini, Cedric Mizero. Alikulia kijijini magharibi mwa Rwanda, akajifunza sanaa mwenyewe bila kupitia chuo, na mwaka 2019 kazi yake ilioneshwa London, katika jumba la Somerset House. Yeye ndiye aliyebuni mavazi na mandhari ya filamu ya Neptune Frost, iliyoongozwa na Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda, pamoja na Saul Williams wa Marekani. Filamu hiyo ilipigwa hapa Rwanda, na ilioneshwa Cannes mwezi Julai 2021. Masimulizi yake yako Burundi: Matalusa, mchimbaji wa koltani, anampoteza nduguye mgodini, naye Neptune yumo safarini akikimbia, hatimaye wanakutana na wadukuzi waliojijengea kambi kwa mabaki ya kompyuta.

Mizero hakwenda kutafuta kesho katika minara. Aliitafuta katika takataka. Aliwavika wahusika nyaya, vibonye vya kibodi, vipande vya kompyuta na magurudumu ya baiskeli, nao wakaonekana watu wa enzi ijayo. Ubunifu huo una hoja nzito ndani yake. Kutokana na koltani hupatikana tantali, ambayo hutumika katika vifaa vya simu na kompyuta, na madini hayo huchimbwa katika nchi zetu hizi. Yaliyotoka vilimani mwetu yakiwa mawe hurudi yakiwa mashine, na mwisho huwa taka. Msanii ameyaokota tena na kuyafanya vazi la heshima.

Kwetu sisi walimu kuna jambo jingine. Katika filamu hiyo Kiswahili husikika pamoja na Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Hapa Kigali, Kiswahili kimekaa muda mrefu katika mitaa kama yetu na jirani yetu Nyamirambo, kikidharauliwa na baadhi ya watu kuwa ni lugha ya sokoni na ya madereva. Mwaka 2017 kilifanywa lugha rasmi ya nchi, lakini sheria haiondoi dharau kwa siku moja. Kukisikia katika ulimwengu wa kubuni wa siku zijazo ni kuambiwa kwamba huko nako kina kiti chake.

Tuliwaonesha wanafunzi picha chache za mavazi yale, bila maelezo marefu. Wengi waliendelea na minara yao, nasi hatukuwazuia. Lakini yule aliyetujibu kwamba kwetu hakutafika alichora fundi wa simu akiwa amevaa koti la saketi, akaja kutuuliza saketi zile zingeitwaje kwa Kiswahili kama zingekuwa kitambaa. Hatukuwa na neno. Tulimwambia alitunge, naye akatunga.

Ni mapema mno kusema athari ya Mizero itadumu kiasi gani; ya McQuarrie imekwisha kupita miaka hamsini. Lakini mchoro hauishi kwa nguvu zake peke yake. Huishi kwa kutajwa, na kutaja ni kazi yetu. Twawasihi walimu wenzetu, wa bara na wa visiwani, waziingize kazi kama hizi katika masomo ya insha na ya msamiati, wakusanye istilahi za fani hii, na wazijadili katika vikao vyetu. Msanii akishachora nyota, ni juu ya mwalimu kumpa mtoto jina la kuiitia.