Likizo ya Orlando au Krismasi ya Nyamira

Mwezi wa Januari, theluji ikiwa bado imelala juu ya paa za Brooklyn Park na Brooklyn Center, ndipo familia nyingi za Wakisii hapa Minnesota huanza kubishana kuhusu likizo. Watoto wanataka Disney World, kule Orlando. Wazazi wanataka kwenda nyumbani, Kisii au Nyamira, Desemba ikifika. Pesa ni zile zile, na hazitoshi kwa yote mawili.

Nimeyasikia mabishano haya kanisani, kazini na mezani pangu. Mara nyingi huendeshwa kama kesi ya tabia: anayekwenda Orlando ameiga Wazungu, anayekwenda Nyamira hajasahau alikotoka. Nimewapeleka wanangu kote kuwili na sioni kama kesi hiyo ina haki. Mzazi anayepanga kutumia akiba ya mwaka mzima anastahili kwanza hesabu iliyo wazi.

Disney World ilipofungua milango tarehe 1 Oktoba 1971, mtu mzima alilipa dola 3.50 kuingia, ingawa michezo yenyewe ililipiwa kando. Leo, wiki ya Krismasi, siku moja tu katika Magic Kingdom, mojawapo ya bustani zake, ni kama dola 200 kwa kichwa. Mtoto akitimiza miaka 10 analipa bei ya mtu mzima, na yule wa miaka 3 hadi 9 anapunguziwa dola chache tu. Ile nafasi ya kukwepa foleni ndefu, iliyokuwa bure kwa miaka mingi, imekuwa ya kulipia tangu 2021. Weka na maegesho ya gari, hoteli, chakula kinachouzwa humo ndani kwa bei wanayotaka wao, na nauli ya ndege kutoka Minneapolis. Familia ya watu watano ikikaa huko siku nne na kurudi bila kuvuka dola 7,000 imejibana kweli kweli. Kwa shilingi 129 kwa dola, hizo ni zaidi ya laki tisa.

Sisi wa ughaibuni hatuwezi kuacha kubadilisha dola kuwa shilingi, na mimi, mtoto wa mkulima wa chai, hubadilisha hadi kwenye majani mabichi. Mkulima wa Kebirigo au Nyansiongo hulipwa kila mwezi shilingi ishirini na kitu kwa kilo, kisha hungoja bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai, ambayo kwetu imekuwa chini kuliko ile ya Mlima Kenya. Kwa malipo hayo ya mwezi, tiketi moja ya Orlando ni zaidi ya kilo 1,000 za majani yaliyochumwa kwa vidole. Hesabu hii inauma, lakini siwezi kuitumia kumfunga mdomo mtoto. Ukipima kila kitu kwa kilo za chai hutamnunulia mwanao hata viatu vya theluji, na yeye hakuchagua kuzaliwa mahali ambapo wenzake darasani hurudi kutoka likizo ya Machi wakiwa na picha za Mickey Mouse.

Halafu kuna upande wa pili, ambao hatupendi kuusema kwa sauti. Kwenda nyumbani ni ghali zaidi. Tiketi ya Desemba kutoka Minneapolis hadi Nairobi hupita dola 1,500 kwa urahisi, na watoto wakubwa hulipiwa karibu sawa na sisi. Watu watano, hiyo ni zaidi ya dola 7,500 kabla hamjatoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kisha gari la kuwapitisha Narok, Bomet na Sotik hadi Kisii. Kisha zawadi, kwa sababu hakuna anayekwenda kwao mikono mitupu. Kisha karo ya huyu, bili ya hospitali ya yule, mchango wa paa la kanisa. Kwa hiyo anayesema Orlando ni anasa na Nyamira ni kubana matumizi hajakata tiketi hivi karibuni.

Basi kama hesabu haitoi jibu, tuangalie pesa hizo zinanunua nini.

Ndani ya Animal Kingdom, mojawapo ya bustani nne za Disney World, iliyofunguliwa 1998, kuna kijiji kinachoitwa Harambe. Kimejengwa kwa mfano wa miji ya pwani yetu, Lamu hasa, na rangi ya kuta imechubuliwa makusudi ili ionekane imekula chumvi na miaka. Hapo ndipo unapopanda lori la Kilimanjaro Safaris, lililo wazi pembeni, likuzungushe dakika kama ishirini kati ya twiga, tembo na simba wa kweli. Tulipanga foleni kwa zaidi ya saa moja kwenye joto la Florida linaloganda mwilini. Binti yangu alinishika mkono muda wote, na huku upande wa pili amemshika baba yake. Alitueleza habari za rafiki yake aliyehama shule, habari za mwalimu anayemwogopa, na jinsi anavyosikia mlango usiku mmoja wetu anapotoka kwenda kazini. Tulikuwa hatujawahi kuyasikia hayo. Lori lilipofika hakutaka kuachia mikono.

Twiga alipopita karibu, aliniuliza kama kwetu ndivyo kulivyo. Nikamwambia kwetu ni chai na migomba, ila kutoka kwa babu yake unaweza kwenda Kilgoris, ukapita Lolgorian, ukateremka hadi Maasai Mara, na jioni ile ile ukawa umeona twiga wasio na ratiba. Akauliza mbona hatujawahi kwenda.

Ukweli ni kwamba karibu kila safari yake ya Nyamira ilikuwa ya msiba. Wakisii wa Marekani wanaelewa ninachosema. Mwenzetu akifariki hapa, jamii hukutana, huchanga maelfu ya dola, na mwili hurudishwa ukazikwe kwenye boma. Ni jambo la heshima na ninalitetea. Akifariki mzee kule nyumbani, mtu hukata tiketi ya bei yoyote usiku huo huo. Lakini tumewafanya watoto wetu waijue Kisii kwa mahema, vipaza sauti na watu wanaolia. Wengine wamewaona nyanya zao kwa mara ya kwanza wakiwa kwenye jeneza. Kisha tunashangaa wanapochagua Orlando.

Maisha ya hapa nayo yanajulikana. Wengi wetu tunafanya kazi ya uuguzi na ya kuwatunza wazee na walemavu, zamu za usiku, zamu mbili mfululizo, Krismasi na Pasaka. Mume na mke hupishana mlangoni, mmoja akivua koti, mwingine akivaa. Mtoto hukulia kwenye nyumba yenye wazazi wawili ambao ni nadra kuwaona pamoja wakiwa macho. Orlando iliwapa wanangu baba na mama mahali pamoja, siku nne, bila zamu na bila kusinzia. Hicho ndicho tulichokilipia. Sanamu, fataki na treni inayowapindua watu kichwa chini zilikuwa nyongeza nzuri, na nimeona furaha yao kwa macho yangu, siidharau. Ila nina hakika kwamba foleni ile ya Harambe ilikuwa na thamani kuliko lori lenyewe.

Nyamira ingeweza kuwapa hayo hayo na zaidi. Nakumbuka asubuhi moja mama yangu alipowapeleka watoto shambani. Umande ulikuwa haujakauka. Aliwafunga kila mmoja nailoni kiunoni, kama wachumaji wote, ili nguo zisilowe, akawaonyesha majani mawili na chipukizi lake, na akamkemea mdogo kwa Kiswahili na Kikisii kwa pamoja alipochuma jani gumu. Saa nne wakabeba walichopata hadi kituo cha kuuzia. Karani akapima kwenye mizani. Sikumbuki kilo, nakumbuka mvulana wangu alivyoishika ile risiti ndogo kwa mikono miwili na kumuuliza nyanya yake pesa zitalipwa lini. Nyanya akamwambia, "Mwezi ujao, mwanangu, na bonasi ni Oktoba, kama Mungu atatujalia." Akanyamaza akiwaza. Hakuna bustani ya burudani inayoweza kumfundisha hilo.

Lakini mimi na baba yao hatukuwepo mchana ule wala siku zilizofuata. Yeye alikuwa na kikao cha wazee kuhusu mpaka wa shamba. Mimi nilikuwa na wageni sebuleni, kila mmoja na shida yake, na shida nyingi zilikuwa za kweli. Hivyo ndivyo safari ya nyumbani inavyokuwa. Watoto wanasafiri siku nzima angani, kisha wanawapoteza wazazi wao mara tu wanapoingia langoni. Jioni, wakiulizwa kama wanafurahia, wanajibu ndiyo kwa adabu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Orlando inafaa mara moja, mtoto akiwa na umri wa kukumbuka, pesa zikiwa zimewekwa kabla na si za kadi ya mkopo. Kuirudia kila mwaka sikubali. Magic Kingdom ina zaidi ya nusu karne na itakuwepo wajukuu wetu wakizaliwa, lakini babu na nyanya zao wa kule Nyamira wanazeeka kila Desemba tunayoahirisha. Kiu ya michezo ina dawa karibu. Valleyfair iko Shakopee, mwendo mfupi kwa gari, na tiketi yake ya msimu mzima mara nyingi ni chini ya bei ya siku moja Orlando. Ile bustani iliyo ndani ya Mall of America pale Bloomington haina kiingilio, unalipia kupanda michezo tu. Jumamosi moja ya pale, simu zikiwa zimezimwa, inatosha sana.

Na safari ya nyumbani tuipange kama likizo ya watoto. Wapelekeni Tabaka wakawaone wachongaji wakipasua mawe ya Kisii, wakae na akina mama wanaosugua vinyago kwa msasa ndani ya karai la maji hadi jiwe lilainike na kung'aa, nao wasugue kimoja wakinunue. Wapandisheni ukingo wa Manga waone nchi ya babu zao kwa mkupuo mmoja. Wapelekeni Kisumu, wapande mashua Dunga, wale samaki kwa mikono. Wenye uwezo, Mara ndiyo hiyo. Yote haya kwa pamoja, ukitoa Mara, hayafikii tiketi mbili za Orlando.

Ninyi mlio nyumbani, nina ombi. Mnapoona picha zetu na masikio yale ya Mickey, simu huanza: karo haijalipwa na ninyi mko kwenye starehe. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Kenya ilirekodi karibu dola bilioni 5 zilizotumwa na Wakenya walio nje, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Pesa hizo zina migongo inayouma nyuma yake. Mtoto wa anayetuma naye ana haki ya sehemu yake. Tukija Desemba, tupeni wiki moja kabla ya vikao. Shida zitasikilizwa, lakini mtoto mwenye miaka tisa hangoji.

Tena hata watoto wenu wana kiu hiyo hiyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika nchi ambayo mashamba yamegawanywa hadi mtoto hana pa kupigia mpira. Krismasi wanangoja zile nyumba za plastiki zinazojazwa hewa waruke dakika chache kwa malipo, basi, mwaka umeisha. Anayetaka kupanda gurudumu kubwa la Two Rivers lazima asafiri hadi Nairobi. Serikali zetu mbili za kaunti zingetenga ardhi ya umma kwa bustani ya watoto, yenye bembea, miti na maji safi, wana wa huko na wana wa huku wangecheza pamoja, na wangejuana bila msiba kuwakutanisha.

Mnaopanga safari ya mwaka huu, anzeni sasa. Katiba ya 2010 inamtambua mtoto wa Mkenya kuwa raia kwa kuzaliwa hata kama alizaliwa Minneapolis, na inaruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo waombeeni pasipoti ya Kenya kupitia ubalozi wetu Washington. Tiketi za Desemba zikatwe kabla Agosti haijaisha. Na siku saba za kwanza mkifika, mpaka wa shamba usijadiliwe na mtu yeyote.