Baiskeli Mbili, Hema Moja

Ukistaafu, watu wanakuuliza utafungua duka gani. Sisi tukiulizwa tunasema tunanunua hema. Wengi wanacheka. Mtoto wetu wa kwanza hakucheka, alipiga simu kutoka Dar: "Mama, watu watasema tumewatelekeza!"

Wapenzi wasomaji, niwape siri. Mimi na mume wangu sote ni walimu. Kwa miaka 22 yeye alifundisha hapa Tanga mjini, mimi kule Lushoto milimani. Tulionana wikiendi na likizo. Ndoa ya namna hiyo ina raha yake, kila mkikutana ni sherehe. Tatizo lilianza tulipofikisha miaka 60 tukawa chini ya paa moja asubuhi mpaka usiku. Kumbe hatujuani! Yeye ananisema kwa chumvi, mimi namsema kwa redio. Ikifika saa nne kila mtu amenuna chumbani kwake.

Siku moja akaniambia, "Mwalimu, twende Pangani kwa baiskeli, tulale njiani." Nikadhani utani. Tanga baiskeli si ajabu, hata sisi wanawake tunaendea sokoni. Lakini kilometa kama 50, na mzigo, umri huu?

Tukakaa mezani na daftari. Nikatoa sharti moja: kiinua mgongo hakiguswi. Tukawa tunaweka kidogo kidogo kutoka pensheni ya mwezi, lengo laki sita. Yeye ana Phoenix yake ya zamani, inataka mnyororo na breki tu. Mimi nimenunua ya mtumba yenye gia, 180,000. Hema, nalo la mtumba, 90,000. Kinachobaki ni keria, pampu, tyubu za akiba, viraka na solusheni, spana, na chakula. Tutapika wenyewe: mchele, dagaa, chai. Nimejifunza pia kwamba mzigo mzito unakaa chini, pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Ukiurundika juu, baiskeli inayumba.

Ubishi mkubwa ulikuwa tarehe. Mimi nilitaka Julai, hakuna joto kali. Akaniuliza, "Na upepo je?" Julai ni kusi, na Pangani iko kusini, tungepambana nao njia nzima. Tukakubaliana Januari, kaskazi itusukume mgongoni. Jua tutalikwepa kwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi na kusimama saa nne. Siku ya kwanza tutaishia Tongoni kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, ya pili Kigombe kwa wavuvi, ya tatu Pangani. Ya nne tutavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, twende Ushongo ufukweni. Kila kijiji tutaanza kwa mwenyekiti kuomba ruhusa ya kulala. Kurudi ni basi.

Mwezi uliopita tukafanya majaribio uani kwetu. Hema juu, taa zimezimwa. Mgongo uliniuma na mbu mmoja aliingia. Katika giza lile, bila redio, mume wangu akasema taratibu, "Unajua naogopa? Siyo barabara. Naogopa siku nne zitaisha sina la kukuambia."

Nikamjibu, "Hata mimi."

Tukacheka mpaka mbwa wa jirani akabweka. Halafu nikamsimulia mwaka ule nilipougua sana Lushoto nikamficha, ili asiache kazi. Alinyamaza muda mrefu. Akanishika mkono. Tuliongea mpaka adhana ya alfajiri.

Nyie mlio kazini, mnaopishana mlangoni na kumalizia mazungumzo kwa meseji, msingoje mfike 60. Ukumbi wa gharama si lazima. Hata uani panatosha.

Juzi mtoto wetu kapiga tena. Eti hema letu linatosha watu watatu? Nikamwambia hapana mwanangu, la wawili tu.