Iten: Wanakokimbia Pamoja

Tukisikia habari za wanariadha, wengi wetu huwaza medali, bendera na fedha. Mwezi huu nakuomba tusafiri pamoja hadi mji ambao medali nyingi za Kenya zimeandaliwa, tukaone jambo ambalo televisheni haituonyeshi.

Kutoka Eldoret, matatu hupanda katikati ya mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe, hadi kwenye tao lililovuka barabara. Maandishi yake humwambia mgeni kuwa amefika nyumbani kwa mabingwa. Hapo ndipo Iten, katika Kaunti ya Elgeyo-Marakwet. Ni mji mdogo wa maduka na vibanda vya chai, ulio mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja ardhi huporomoka ghafla, na Bonde la Kerio huonekana chini kabisa, limefunikwa na ukungu wa joto.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nilichokiwaza kwanza ni hewa. Mahali pa juu namna hii, mwili hupata oksijeni kidogo katika kila pumzi. Figo hutambua upungufu huo, nazo hutoa homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi. Baada ya majuma kadhaa, damu huweza kubeba oksijeni zaidi. Ndiyo maana wakimbiaji hutoka hata Ulaya kuja kufanya mazoezi hapa. Lakini mgeni asiwe na pupa. Siku za kwanza atembee taratibu na kunywa maji ya kutosha. Mama mjamzito, au mwenye upungufu wa damu au ugonjwa wa moyo, amwone daktari kwanza.

Hata hivyo, hewa peke yake haimfanyi mtu kuwa bingwa. Alfajiri, kukiwa bado giza, utasikia vishindo vya miguu kwenye barabara za udongo mwekundu. Wanapita makundi kwa makundi, wanaume kwa wanawake, bingwa wa dunia pamoja na kijana asiyejulikana na mtu. Hukimbia dakika chache kwa kasi, kisha hupunguza mwendo na kuanza tena. Mwenye nguvu hukaa mbele na kuwakatia wenzake upepo. Anayezidiwa huingia katika kundi la nyuma, na kesho hujaribu tena. Baadaye hukaa pamoja kwa chai ya maziwa, ugali na sukuma wiki. Na asipotokea mmoja, wenzake huulizia.

Wanawake hawakupata nafasi hiyo kwa urahisi. Katika kambi za zamani, msichana aliyekuja kukimbia aliweza kujikuta akiwapikia na kuwafulia wanaume. Mwanariadha Lornah Kiplagat aliyaona hayo, akaanzisha kituo cha mazoezi papo hapo Iten, akiwajali hasa wasichana. Leo akina mama ni miongoni mwa fahari za mji huu. Mary Keitany, mama wa watoto wawili, alishinda mbio za marathoni za London mwaka 2017 kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 1. Mwaka huohuo Edna Kiplagat, naye mama, alishinda Boston akiwa na miaka 37.

Lakini mji huu una kidonda. Septemba 2021, Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee, kwa dakika 30 na sekunde 1. Mwezi uliofuata alikutwa ameuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Mume wake alishtakiwa kwa mauaji hayo. Wanariadha wenzake, wakiwamo Viola Cheptoo na Joan Chelimo, hawakuishia kwenye kulia. Walianzisha shirika la Tirop's Angels ili kuwasaidia wanawake wanaoteswa majumbani.

Jambo hili linatuhusu sote. Sisi wauguzi huwapokea akina mama wenye majeraha wanaosema, "Nilianguka." Mara nyingi huja peke yao. Mateso hukua pale ambapo hakuna anayeulizia.

Basi, mama mwenzangu, si lazima ukimbie. Tafuta wenzako wawili au watatu mtembee nusu saa, siku tano kwa juma. Mazoezi hayo husaidia kupunguza presha na kudhibiti sukari, na yataufurahisha moyo wako. Zungumzeni njiani, kila mmoja ajue hali ya mwenzake. Na mmoja asipotokea siku mbili, msiseme, "Labda ana shughuli." Nendeni kwake mkapige hodi.