Mtoto aliyenyamaza Guangzhou

GUANGZHOU, China. Saa mbili kasorobo asubuhi, foleni ya watoto hufika hadi nje ya geti la chekechea. Mmoja mmoja husimama mbele ya muuguzi, hunyoosha viganja, huvigeuza, kisha hupanua mdomo ili amulikwe kooni kwa tochi. Chekechea za China hukagua watoto hivyo kila asubuhi, hasa kwa hofu ya ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo, ambao huanza na homa na malengelenge na huenea upesi kwa watoto wadogo.

Mvulana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka minne hupanua mdomo kama wenzake. Kwa miezi minne, ukiacha wakati wa kula, hapo ndipo pekee alipoufungua mdomo huo mbele ya walimu wake.

Hakuwa msumbufu. Alikula, alilala mchana kwenye kitanda chake kidogo kama wenzake, akapanga viatu vizuri. Lakini hakusema neno, si kwa Kichina wala kwa Kiswahili. Walimu wakaanza kuulizana kama mtoto huyo anasikia.

Baba yake ni wakala wa mizigo. Wafanyabiashara wa Kariakoo wakinunua bidhaa, yeye huzipokea ghalani, hujaza kontena na kulisafirisha hadi bandari ya Dar es Salaam. Aliishi Guangzhou peke yake kwa miaka kadhaa kabla ya kumleta mkewe, ambaye ni mzaliwa wa Tanga, pamoja na watoto wao wawili, msichana wa miaka sita na mdogo wake huyo. Mama aliacha kazi katika duka la dawa Dar es Salaam, akaja na masanduku matatu na kadi za kliniki za watoto. Kadi hizo zilibidi zitafsiriwe, kwa kuwa mtoto hapokewi chekechea bila kuonyesha chanjo zake na kupimwa afya.

Mtaa usiodai Kichina

Walipanga nyumba karibu na Xiaobei, katika wilaya ya Yuexiu. Wafanyabiashara wengi wa Kiafrika wanaufahamu mtaa huo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wamekuwa wakifikia huko, na ingawa idadi yao ilipungua baada ya janga la Uviko-19, Xiaobei bado ina maduka ya masanduku, nywele bandia na simu, na migahawa ya chakula halali ya Waislamu wa Kihui kutoka kaskazini-magharibi mwa China.

Hapo mtu mzima anaweza kula, kusuka nywele na kutuma mzigo bila kujua Kichina. Baba mwenyewe aliishi miaka mingi kwa kikokotoo na sentensi moja, "duoshao qian", yaani bei gani. Muuzaji huandika bei, mnunuzi hufuta na kuandika yake, biashara inakwisha.

Mtoto hana njia hiyo. Hawezi kucheza mpira kwa kikokotoo, wala kumwambia mwalimu kwamba tumbo linamuuma.

Kutafuta mwalimu

Mama alianza na kituo cha masomo kwenye jengo la maduka karibu na nyumbani. Aliambiwa hawapokei tena watoto wadogo wa kufundishwa kusoma. Julai 2021, Serikali ya China ilitoa agizo la kupunguza mzigo wa masomo ya ziada kwa watoto. Vituo vikazuiwa kufundisha masomo ya shule siku za mapumziko na likizo, na madarasa ya kitaaluma kwa watoto ambao hawajaanza shule yakapigwa marufuku. Chekechea nazo hazitakiwi kufundisha masomo ya darasa la kwanza. Agizo hilo liliwalenga watoto wa Kichina waliokuwa wakichoshwa na madarasa ya jioni, lakini mama kutoka Tanga naye alikuta mlango umefungwa.

Akaulizia shule za kimataifa. Huko lugha kuu ni Kiingereza, Kichina ni vipindi, na ada ya baadhi yake hupita yuan 200,000 kwa mwaka. Baba alisikiliza kiasi hicho, akacheka, kisha akanyamaza.

Zikafuata programu za simu. Dada mtu alizipenda, akawa anarudia majina ya matunda na rangi. Mdogo wake alitazama katuni na kuzima sauti.

Mwishowe akapatikana mwanafunzi wa chuo anayesomea ualimu wa Kichina kwa wageni. Alikuja Jumamosi na kitabu na kadi za picha. Kichina kina toni nne, na silabi moja hubadilika maana kwa namna sauti inavyopanda au kushuka. "Ma" yenye sauti ya juu iliyonyooka ni mama. Ikipanda ni katani. Ikishuka na kupanda ni farasi. Ikishuka ghafla ni kugombeza. Kiswahili hakina toni, ila anayejua tofauti ya barabara ya kupita magari na barabara ya kufanya jambo sawasawa anaweza kuonja kidogo shida hiyo.

Mwalimu aligundua jambo la kufurahisha. Mchina humwita mama yake "mama" na baba yake "baba", karibu sawa kabisa na Mswahili. Hata chai ya Waswahili ina asili yake katika "cha" ya Wachina. Akadhani ameshapata pa kuanzia. Dada mtu alirudia maneno yote. Mdogo wake aliingia chini ya meza na magari yake na hakutoka mpaka kipindi kilipokwisha.

Nyumba ikapoa

Mwezi wa tatu, mwalimu mmoja wa chekechea aliwashauri wazazi waache Kiswahili nyumbani. Alidhani lugha mbili zinamchanganya mtoto. Ni ushauri unaotolewa kwa nia njema katika nchi nyingi, hata Tanzania, pale mzazi anapoambiwa aache Kisukuma au Kihaya ili mtoto ajue Kiingereza upesi.

Wazazi wakajaribu. Baba alitumia maneno ya sokoni. Mama alitumia machache aliyoyaokota kwenye kipindi cha Jumamosi: njoo, kula, lala, nawa mikono. Alikuwa na kawaida ya kumwimbia mtoto wakati wa kumwogesha. Sasa alimwogesha kimya, kwa kuwa hakuwa na wimbo wowote wa Kichina.

Baada ya wiki chache mtoto akawa mkimya hata nyumbani. Bibi alipopiga simu ya video kutoka Tanga, mjukuu alimtazama, hakuamkia, akaiweka simu kifudifudi juu ya kochi.

"Mwanangu," bibi alimwambia mama baadaye, "huyo mtoto mmemnyang'anya mdomo."

Usiku ule mama hakulala. Asubuhi alimwambia mumewe kwamba mzigo wa watu utasubiri, waende hospitali.

Swali la daktari

Mtoto alipimwa masikio kwanza, na ndivyo inavyopaswa, maana asiyesikia vizuri huchelewa kusema kwa lugha yoyote. Masikio yalikuwa mazima. Kisha daktari akauliza, baba akitafsiri kwa taabu: akicheza peke yake, huongea lugha gani?

Mama hakuhitaji kufikiri. Chini ya meza mtoto alikuwa konda wa daladala. Alipiga mbavu za kiti kwa kiganja na kunong'ona, "Mbagala, Mbagala, twende!"

Daktari akatabasamu. Mtoto anayepanga mchezo na kuupa maneno ana lugha. Aliwaeleza kwamba watoto wengi wanaoingizwa ghafla katika lugha ngeni hupita kipindi cha ukimya, kwa wiki kadhaa au miezi, wakisikiliza kabla ya kujaribu. Akawataka warudi kwenye lugha wanayochekea na kugombania.

Wataalamu wa usemi wa watoto wanakubaliana juu ya hilo. Kulelewa kwa lugha mbili hakumsababishii mtoto ulemavu wa usemi, na kumwondolea lugha ya nyumbani hakumwongezei ya shule. Mzazi anayejua maneno 50 ya lugha ngeni humpa mtoto maneno hayo 50 tu, huku akimnyima maelfu aliyonayo.

Hata hivyo, ukimya usipuuzwe. Mtoto ambaye haongei hata kwa lugha ya kwao, haitiki akiitwa jina, au amepoteza maneno aliyokuwa akiyasema, apelekwe hospitali mapema. Na anayeongea vizuri nyumbani lakini akaendelea kuwa bubu shuleni mwezi baada ya mwezi, naye aonwe na mtaalamu, kwani huenda ni hofu na si lugha.

Kituo kinachofuata

Kiswahili kikarudi, na nyimbo za kuogea zikarudi. Jumapili familia ilipanda treni ya chini ya ardhi kwenda bustani ya wanyama, safari ya vituo vitatu kutoka Xiaobei. Matangazo ndani ya treni hutolewa kwa Kichina cha Mandarin, kwa Kikantoni ambacho ndicho lugha ya wenyeji wa Guangzhou, na kwa Kiingereza. Mvulana alisimama karibu na mlango na kusikiliza kila kituo, kwenda na kurudi.

Kwenye ua wa jengo lao kuna benchi ambapo mama mmoja mtu mzima kutoka Harbin, mji wa kaskazini kabisa, huketi akimlea mjukuu wake. Babu na bibi wengi wa China huhama hivyo, kufuata watoto wao waliopata kazi mijini. Yeye pia ni mgeni Guangzhou. Kikantoni cha wauza matunda kinampita, anaongea Mandarin tu. Watoto humwita "nainai", yaani bibi.

Jioni moja mvulana alipanga viti vya plastiki mstari mmoja pale uani. Mjukuu wa nainai akaketi cha nyuma, akawa abiria. Konda akapiga kiti kwa kiganja na kutangaza kwa sauti: "Xia yi zhan, Xiaobei!" Kituo kinachofuata, Xiaobei.

Nainai akarudia maneno yale polepole, toni zikiwa mahali pake, kama anayeitikia tu. Konda akayarudia. Kisha akaongeza kwa Kiswahili, "Twende!" Mtoto wa Harbin akapokea, "Twende!"

Mama aliona yote akiwa dirishani, ghorofa ya tatu. Hakushuka, asije akaharibu.

Tangu siku hiyo yule mwalimu wa Jumamosi huacha kitabu juu na kuketi uani na mvulana. Nainai huleta jiaozi, maandazi yaliyojazwa nyama na kufungwa kama sambusa ndogo, na mama hushuka na chapati na chai ya tangawizi. Hakuna anayemlipa nainai, na pendekezo la kumlipa lilimchukiza.

Kazi kubwa bado. Septemba 1 dada mtu ataanza darasa la kwanza, iwapo vibali vya wazazi vitakamilika. Mtaala wa China unataka mtoto awe ametambua herufi za Kichina zipatazo 1,600 na kuweza kuandika 800 hadi mwisho wa darasa la pili. Baba anahofu atabaki nyuma. Mama anahofu kwamba atafika mbele na kukisahau Kiswahili njiani. Kwa hiyo Jumamosi ni ya mwalimu, na Jumapili ni ya bibi wa Tanga, ambaye humsomesha mjukuu silabi za Kiswahili kwa simu ya video, fimbo ya kuonyeshea mkononi kama zamani alipokuwa mwalimu.

Wiki iliyofuata, kwenye foleni ya geti, muuguzi alimmulika mvulana kooni kama kawaida na kumpa ishara apite. Mvulana alifunga mdomo, akaufungua tena, akasema, "Zao." Habari za asubuhi.

Muuguzi alishageukia mtoto aliyefuata, foleni ilikuwa ndefu. Mama yake, upande wa pili wa geti, alisikia.