Degedege Si Upepo Mbaya

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Asiyeyajua maradhi naye huumbuliwa vilevile.

Ndugu msomaji, Tabora yetu ni mji wa misafara. Katika karne ya 19 wapagazi waliotoka Bagamoyo walitua mizigo yao Unyanyembe, wakapumzika, kisha wengine wakashika njia ya Ujiji na wengine ya kaskazini. Pamoja na shanga, nguo na pembe za ndovu, ilisafiri homa. Burton na Speke, waliofika mwaka 1857, waliijua homa hiyo. Stanley naye ilimlaza pale Kwihara mwaka 1871 hata akapotewa na fahamu.

Damu ya mwanadamu nayo ni msafara. Chembe nyeupe, walio askari wa mwili, husafiri mishipani usiku na mchana. Mahali palipojeruhiwa, ukuta wa mshipa hutoa vitu vidogo mno mfano wa kulabu. Askari hunaswa hapo, husimama, kisha hupenya ukutani kwenda vitani. Ndiyo sababu kidonda huvimba, huwa chekundu na hupata joto. Uvimbe huo aghalabu ni wa heri.

Lakini wataalamu walizitambuaje kulabu hizo? Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, Uingereza, waliunganisha chembe za wengu wa panya na chembe za saratani, wakapata chembe zisizochoka kuzalisha kingamwili ya aina moja tupu. Kingamwili hiyo ni kama ufunguo, haiingii ila katika kufuli lake. Ikitiwa rangi, huonyesha kulabu ilipo. Ikiifunika kulabu, chembe huteleza zikapita. Kwa njia hiyo, mwaka 1986 wataalamu wa Marekani waliitambua kulabu iitwayo ICAM-1.

Mwaka 1989 ikajulikana habari ya kutisha: kimelea cha malaria huitumia kulabu hiyohiyo. Chembe nyekundu iliyovamiwa na kimelea hunata ukutani isije ikapita katika wengu, ambako ingechujwa na kuangamizwa. Huko maabara, kingamwili ilipoifunika kulabu, chembe hizo zilishindwa kunata. Mwaka 2013 watafiti waliochunguza vimelea vya watoto wa Tanzania walitambua kulabu nyingine inayohusika na malaria kali. Chembe hizo zikinata kwa wingi katika vijishipa vya ubongo, njia huziba, mtoto akapatwa na degedege na kuzimia.

Utotoni mwangu, mtoto wa jirani yetu alishikwa na degedege. Bibi yake, kwa mapenzi yake yote, alisema mtoto amepitiwa na ndege wa usiku, na kwamba sindano ingemuua. Akafukizwa, akafungwa hirizi. Siku ya pili baba yake, mfanyakazi wa reli, alimbeba mgongoni hadi hospitali. Alipona, lakini mguu mmoja ulibaki mzito. Tulipocheza mpira, yeye alikaa golini sikuzote.

Bibi yule hakuwa mjinga. Alikiona kitu kilichomshika mtoto kwa ghafla, akakitafutia jina. Tofauti ni kwamba leo twajua mahali kinapojificha.

Yafaa niseme bayana kwamba kingamwili hizi za maabara ni taa ya kumulikia, wala si dawa ya degedege. Huko Gambia watoto wenye malaria ya ubongo waliwahi kupewa kingamwili ya kutuliza uvimbe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kuwa haikupunguza vifo. Lakini dawa ipo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010, uliohusu watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kuwa waliochomwa sindano ya atesuneti walikufa 8.5 kwa kila 100, na waliopewa kwinini 10.9.

Si kila degedege ni malaria, na si mzazi wala jirani awezaye kutambua kwa macho. Kipimo cha damu ndicho kisemacho. Kwa hiyo, wazazi wenzangu, homa ikipanda tusingoje mtoto atetemeke. Na akishikwa, tumlaze kiubavu, tusimtie kitu kinywani, tumpeleke hospitali saa ileile. Dua na zifuatane naye njiani.