Pembe za Ayala

Kuna methali mbili za Kiswahili ambazo hazijapata kupatana tangu zilipotungwa. Moja husema kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili hujibu kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya kwanza huiweka hatima ya kiumbe katika damu yake, na ya pili huiweka katika mikono ya mlezi wake. Wazee wamezitumia zote mbili kwa zamu, kila moja kwa haja ya siku yake, wala hawakuona lazima ya kuziamua. Lakini katika misitu ya Ulaya shauri hili lilipata kupelekwa mbele ya hukumu. Mshtakiwa alikuwa mnyama, ushahidi ulikuwa pembe zake, na hukumu ilitekelezwa kwa bunduki.

Mnyama huyo ni ayala mdogo, ambaye Wajerumani humwita Reh. Wasomaji wa Zaburi wanalijua jina la ayala, ijapokuwa wengi wao hawajapata kumwona kwa macho, maana Afrika ya Mashariki haina ayala wa asili. Ina swala, paa, kulungu, kongoni na wengine wengi, nao wote ni wa ukoo mwingine. Ayala mdogo ameenea karibu Ulaya nzima. Uzito wake ni kilo 20 mpaka 30, na kimo chake ni kama cha mbuzi. Dume ndiye mwenye pembe, mbili zilizosimama wima, zenye urefu wa sentimita 20 hivi au kupita kidogo, na aghalabu kila moja ina ncha tatu.

Tofauti ya pembe hizi na za wanyama wa Afrika ni kubwa. Pembe ya swala ni ala ngumu, ya jinsi moja na kwato na kucha, iliyovikwa juu ya mfupa. Humea polepole, na mwenyewe hufa nayo. Pembe ya ayala ni mfupa mtupu. Kila mwaka huanguka, na kila mwaka nyingine hujengwa mahali pake. Ikiwa changa hufunikwa na ngozi yenye vinyweleo laini mfano wa mahameli, na mishipa ya ngozi hiyo huilisha. Ikisha kukomaa, ngozi hukauka, na dume huiambua kwa kujisugua katika miti michanga. Ayala mwekundu, jamaa yake mkubwa, hufanya kazi hii majani yanapochipua na wakati wa joto, siku ambazo malisho ni tele. Ayala mdogo hakupewa nafasi hiyo. Pembe zake huanguka Oktoba au Novemba, na mpya hukua katika miezi ya baridi, wakati miti imepukutika na theluji imefunika ardhi. Ni kama mtu aliyelazimishwa kujenga nyumba yake kila mwaka, na kila mwaka katika mwezi wa njaa.

Wawindaji wa Ulaya walizipenda pembe hizi, wakazitundika katika kuta za nyumba zao. Wakaweka mizani na vipimo. Kwa kawaida ya Baraza la Kimataifa la Uwindaji, lililoundwa Paris mwaka 1930, pembe za ayala mdogo hupimwa uzito, tena hutumbukizwa katika maji ili ujulikane ujazo wake; alama nyingine hutolewa kwa urefu, rangi na umbo. Mwenye alama 105 hupata nishani ya shaba, mwenye 115 ya fedha, na mwenye 130 ya dhahabu. Hapana ubaya katika kupenda kitu kizuri. Ubaya ulianza wapenzi wa pembe walipotaka kuzizidisha kwa njia ya bunduki. Walisema kuwa dume mwenye pembe duni ni wa damu duni, na kwamba akiuawa kabla hajazaa, msitu utabaki na mbegu njema. Wazo hili lilikuwako tangu mwanzo wa karne ya 20. Mwaka 1934 lilipewa nguvu ya sheria katika Ujerumani: wawindaji waliandikiwa idadi na namna ya wanyama wa kuua, na kila mwaka walipaswa kuleta pembe mbele ya wenzao katika maonyesho, zitazamwe na kuhukumiwa. Mwaka uliofuata serikali ile ile ilitunga sheria za Nuremberg, zilizowagawa watu kwa damu. Sheria ya wanyama haikuzaa sheria ya watu. Lakini zilitungwa katika hewa moja, na watu walioamini moja hawakuona ugumu wa kuamini nyingine.

Aliyeumia zaidi kwa imani hii ni dume wa mwaka mmoja. Huyu ndiye kwa mara ya kwanza aonekanaye waziwazi mwezi wa Mei akiwa na pembe zake kamili za kwanza. Wengine huwa na ncha nne au sita; wengine huwa na vijiti viwili vifupi tu, visivyopita masikio. Mwindaji aliyefundishwa hekima ya damu alipomwona wa vijiti alijua kazi yake. Hakujiuliza vijiti vile vimetoka wapi.

Vimetoka mahali pengi. Kwanza vimetoka kwa mama. Ayala mdogo huzaliwa Mei au Juni, mara nyingi pacha, na maziwa ya majira hayo ndiyo msingi wa mwili wake. Utafiti wa miaka mingi katika msitu wa Chizé, magharibi ya Ufaransa, umeonyesha kuwa watoto waliolelewa katika sehemu zenye mimea bora walikuwa wazito kuliko wenzao wa sehemu duni za msitu ule ule, na kwamba tofauti hiyo iliwafuata hata utu uzima. Basi ndugu wawili wa damu moja wanaweza kutofautiana kwa sababu mama alipata mahali pema mwaka huu, na mwaka jana hakupata.

Pili, vimetoka katika chakula, na nuru kubwa juu ya jambo hili ilitoka mahali ambapo wawindaji wa Ulaya hawakutazamia. Mtaalamu wa Kijerumani Reinhold Hofmann, aliyefanya kazi Nairobi, alichunguza matumbo ya wanyama wa pori wanaocheua wa Afrika ya Mashariki, na mwaka 1973 kitabu chake kilipigwa chapa huko huko na East African Literature Bureau. Aliwagawa wanyama hao katika mafungu matatu: walao nyasi, kama nyumbu, walao nyasi na majani kwa zamu, kama swala pala, na wachaguzi, kama digidigi na twiga, watafutao machipukizi na majani mororo. Ayala mdogo wa Ulaya yumo katika fungu la digidigi. Tumbo lake ni dogo, nalo halina subira ya kuvunja nyasi ngumu. Rundo la nyasi kavu ambalo ng'ombe angelishukuru, kwake ni njaa iliyofunikwa. Ndiyo sababu msitu unaweza kuonekana umejaa kijani kibichi, na ayala akawa maskini ndani yake.

Nguvu ya chakula ilikwisha kuonyeshwa kabla ya hapo na Franz Vogt, aliyefuga ayala wekundu katika uwanda uliozungushiwa ua huko Bohemia katika miaka ya 1930. Aliwalisha kwa ukarimu, na miongoni mwa vyakula alivyowapa sifa kubwa ilikuwa ya mashudu ya ufuta, kitu ambacho mkulima wa Lindi au Mtwara hana haja ya kuelezwa. Katika vizazi vichache wanyama wake waliongezeka miili na pembe kiasi cha kuwashangaza waliokuwa wakihubiri damu. Damu haigeuki upesi hivyo. Kilichogeuka ni sahani.

Tatu, vimetoka katika msongamano. Msitu wenye walaji wengi huwapa wote kidogo, na kidogo hicho huonekana kichwani. Wenye misitu walijidanganya kuwa wanyama wao ni wachache. Mwaka 1950 huko Kalø, katika nchi ya Denmark, iliamuliwa ayala wadogo wote wa mahali pale wauawe. Waliokuwa wakiutunza msitu ule waliwakadiria kuwa kama 70. Waliouawa walikuwa 213. Watu waliodhani kuwa wanaijua damu ya kila dume walikuwa hawajui hata hesabu ya vichwa.

Yako na mengine. Umri una sehemu yake: pembe huongezeka hata mnyama afike makamo yake, miaka minne mpaka saba hivi, kisha hupungua, kama vile nguvu za mzee zipunguavyo. Afya ina sehemu yake, maana minyoo na maradhi hula kabla ya pembe. Hata jeraha lina sehemu yake: dume aliyeumia kokwa hukosa ile nguvu ya kiume ambayo huzikomaza pembe na kuziangusha kwa wakati wake. Zake hubaki katika mahameli, zikaota bila kikomo mfano wa kilemba kilichofungwa vibaya, hata zikamfunika macho.

Mtu aweza kuuliza kama damu basi haina neno. La, inalo. Mwana hurithi kwa wazazi wake, na katika pembe pia hurithi. Lakini sauti ya damu ni moja katika kelele za sauti nyingi, na mwindaji aliyesimama ukingoni mwa msitu hana sikio la kuipambanua. Albrecht, mkuu wa nyumba ya kifalme ya Bavaria iliyokwisha kupoteza enzi, pamoja na mkewe, waliwatazama ayala wadogo kwa miaka mingi katika milima ya Steiermark, Austria, wakiwajua mmoja mmoja. Kitabu chao kilitoka mwaka 1975. Waliona dume yule yule akibeba pembe njema mwaka mmoja na dhaifu mwaka mwingine, na aliyeanza kwa unyonge akija kusimama sawa na waliomtangulia. Pembe za kwanza hazikuwa unabii.

Hapa ndipo ilipo siri ya kosa zima. Dume wa vijiti aliyepigwa risasi mwezi wa Mei hakupata nafasi ya kuota pembe za pili, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwonyesha mwindaji kuwa alikosea. Yule wa ncha sita aliyeachwa aliongezeka mwaka wa pili na wa tatu, kwa kuwa umri humwongeza kila dume mwenye afya. Naye mwindaji akanyosha kidole akasema, tazameni mbegu njema. Hukumu ilimwua shahidi wa upande mmoja, ikamlipa shahidi wa upande wa pili, kisha ikajisifu kwa haki yake. Hukumu ya namna hii yaweza kudumu miaka mingi bila kugunduliwa, hata mikononi mwa watu wema na wenye elimu.

Wala haifai kusema kuwa pembe ni za uongo. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza kuwa ukubwa wa pembe za ayala mdogo ni dalili ya kweli ya hali ya mwenyewe, kwa kuwa hufuata uzito na umri wake. Madume wenzake huzitazama kabla ya kupigana naye. Wanaisoma taarifa kama ilivyoandikwa: huyu, mwaka huu, ana nguvu kiasi hiki. Mwindaji aliisoma taarifa ile ile akaongeza neno ambalo halikuandikwa: na kizazi chake chote ni hivyo hivyo, jana na kesho. Pembe haikusema hayo. Ilieleza habari za baridi moja tu.

Methali mbili za kale zinaweza kuendelea kugombana, maana kila moja ina chembe ya kweli. Lakini anayeshika bunduki, au kalamu ya kutia alama, hana budi kukumbuka kuwa mambo anayoyaona Mei yalijengwa Januari, gizani, na mtu au mnyama ambaye hakuwapo kumwuliza alikula nini. Jambo moja ayala mdogo amejaliwa ambalo wengi hawakujaliwa: kila mwaka anaangusha ushahidi wa mwaka uliopita na kuanza upya. Haki ndogo kuliko zote anayostahili ni kuachwa hai mpaka pembe za pili ziote.